SOMO: Kupanga nyaraka za AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) au kikundi kwenye Google Drive ili zisiondoke na katibu

Wadau, salaam. Kila viongozi wanapobadilishwa linaibuka swali lile lile: "Katibu wa zamani kaondoka na nyaraka, tunazipataje?" Nimelijibu kwa watu wa kahawa Mbozi, wa chai Rungwe, wa parachichi Njombe, hadi nimechoka kuandika yale yale. Naliweka lote hapa.

Natumia Google Drive, hifadhi ya mafaili ya mtandaoni, kwa sababu simu nyingi za Android zinakuja nayo, na nafasi ya GB 15 ni ya bure. Ukitumia programu nyingine, mpangilio ni huu huu.

HATUA YA 1: Fungua akaunti ya chama

Hapa ndipo vyama vingi vinapoumia, kwa hiyo soma taratibu.

Akaunti iwe kwa jina la chama. Namba ya simu ya kurejesha nywila isiwe ya katibu peke yake, maana anayepokea zile tarakimu za uthibitisho ndiye mwenye akaunti, hata kama jina lililoandikwa ni la chama. Weka laini ya ofisi kama ipo, na barua pepe ya mwenyekiti iwe ya akiba. Nywila iandikwe kwenye karatasi, iingie bahasha, ifungiwe pamoja na mhuri. Siku ya makabidhiano inabadilishwa mbele ya bodi.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Katibu akitengeneza faili kwa akaunti yake binafsi ndani ya folda ya chama, faili hilo ni LAKE. Kukaa kwenye folda yenu hakulifanyi kuwa lenu. Akilifuta kabisa, au akifunga akaunti yake, nanyi mmelikosa. Kuna chama kilifungua folda ya mikataba ya wanunuzi siku ambayo mkaguzi ameshafika mezani, kikakuta tupu, kwa sababu kila kitu kilikuwa mali ya kijana aliyekwishaacha kazi. Hakuiba. Alikuwa anasafisha simu yake.

Kwa hiyo: pakia nyaraka ukiwa ndani ya akaunti ya chama. Kama faili tayari ni la mtu, afungue sehemu ya ushirikishaji, aipe akaunti ya chama haki ya kuhariri, kisha aombe umiliki uhamie huko. Msiishie hapo: ingieni kwenye akaunti ya chama mkubali. Msipokubali, umiliki haujahama.

Na muwe mnaiingia. Akaunti ikikaa miaka 2 bila kutumika, Google wanaweza kuifuta pamoja na vilivyomo.

HATUA YA 2: Folda

Bonyeza alama ya kujumlisha, chagua folda mpya. Tano zinatosha: 01 Usajili na Masharti, 02 Vikao, 03 Fedha, 04 Mauzo, 05 Wanachama. Namba za mbele zinazifanya zikae kwa mpangilio huo daima. Ndani ya kila moja weka folda ya msimu. Usichimbe zaidi ya hapo, mtu akibonyeza mara nne kabla ya kuona waraka ataanza kuweka vitu popote.

HATUA YA 3: Majina ya mafaili

Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-14 Bodi Muhtasari. Ukianza na siku, mashine inapanga kwa siku, na kikao cha tarehe 3 Novemba 2024 kinatangulia cha tarehe 15 Januari 2023. Ukianza na mwaka, vinajipanga vyenyewe kama vilivyofanyika.

Maneno "mpya", "mwisho" na "mwisho kabisa" yasionekane kwenye jina. Waraka ukirekebishwa, nenda kwenye kompyuta, fungua usimamizi wa matoleo wa faili hilo hilo, pakia toleo jipya juu yake. Linki haibadiliki na la zamani linabaki nyuma kwa siku 30. Kama ni mkataba, weka alama ya kulihifadhi daima.

HATUA YA 4: Kuskani

Tumia kamera iliyo ndani ya Drive yenyewe, kurasa zote ziwe PDF moja. Kaa karibu na dirisha. Usichukue picha iliyopita WhatsApp, imeshabanwa na mihuri haisomeki.

HATUA YA 5: Ruhusa

Bodi watazame, mhasibu na katibu wahariri. Folda ya 05 ina namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na simu za watu. Isiwekwe KAMWE kwenye "yeyote mwenye linki". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria kuna heshima ya mkulima aliyekuamini.

MASWALI

Mdau wa Uyole: Kwani nikitumia Gmail yangu tu kuna shida gani? Mimi ndiye katibu.

Jibu: Rudi hatua ya 1. Isome yote.

Mdau wa Makambako: Kamwene. Mkataba mmoja unahitajika Mauzo na Fedha pia. Ninakili mara mbili?

Jibu: Kamwene, swali zuri sana. Usinakili, maana kesho moja itarekebishwa na nyingine itabaki ya zamani. Faili likae Mauzo, kisha tengeneza njia ya mkato uiweke Fedha. Zamani faili moja liliweza kukaa folda mbili, tangu 2020 Google waliondoa hilo.

Mdau wa Vwawa: MUVU ipo, hii ya nini?

Jibu: MUVU ni mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kinachotakiwa kuingizwa humo kiingizwe. Mimi naongelea karatasi zenu za kila siku, zile mtakazoulizwa na wanachama wenyewe.

Mdau wa Makete: Kwetu mtandao unasuasua na bando ni ghali. Tufanyeje mama yangu?

Jibu: Mwanangu, kwenye mipangilio ya Drive washa upakiaji wa kupitia Wi-Fi pekee. Skani ukiwa kijijini, ukishuka mjini zitapanda. Nyaraka za mkutano mkuu zifanye zipatikane bila mtandao kabla hujaondoka mjini. Na zima uhifadhi wa picha kwenye akaunti hiyo, zile GB 15 zinagawanwa na Gmail na picha.

Mdau wa Uyole: Nimefuta folda ya Vikao bahati mbaya. Msaada haraka!!

Jibu: Fungua tupio, rudisha. Una siku 30. Na umefanyia kwenye akaunti ya nani?

Mdau wa Uyole: Yangu.

Jibu: Hatua ya 1, ndugu yangu. Leo hii.

Mdau wa Mafinga: Je, kutafuta neno ndani ya skani inawezekana?

Jibu: Ndiyo, kwa maandishi yaliyochapwa Drive husoma ndani ya PDF na picha. Mwandiko wa mkono usiutegemee, ndiyo maana jina la faili lina uzito.

Mdau wa Tukuyu: Niongezee kidogo dada. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zinafifia. Mwenzetu alizipanga kwenye mifuko ya nailoni, zikageuka karatasi nyeupe. Na mvua zetu hizi, kabati lisilopata hewa linaota ukungu.

Jibu: Asante sana kaka, hilo nililisahau. Karatasi ya EFD haina wino, inaandikwa kwa joto, kwa hiyo jua, joto na nailoni vinaiua. Skani siku ile ile uliyoipokea, toa na fotokopi, uibane nyuma ya ile halisi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na risiti haifiki huko yenyewe.

Mdau wa Mafinga: Fotokopi ibanwe na pini au gundi?

Jibu: Pini. Gundi nayo inafuta maandishi.