Kununua vila ya zamani Golf: soma karatasi kwanza, barza baadaye

Mtu akinipigia simu kwamba anatafuta nyumba Golf, Makomeno au Baudouin, mitaa ya wazungu wa zamani hapa Lubumbashi, Kongo, kabla ya bei ninamuuliza jambo moja: unataka kulala ndani yake au unataka kuibomoa? Wengi wanacheka, halafu wananyamaza. Nyumba ileile ina bei mbili, ya mtu anayetaka kuishi na ya mtu anayetaka uwanja. Mimi ni komisioneri, dalali wa nyumba, hapa Lubumbashi tangu wanangu wakiwa primeri, na sasa wao ndio wanaopeleka watoto shule. Kila mwaka ninaona watu wanalipa bei ya uwanja huku wakidhani wamenunua nyumba.

Angalia ramani ya mji utaelewa. Ulipoanzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, Wabelgiji walijikatia parseli pana upande wao, wakaacha eneo tupu katikati, kisha ng'ambo wakawapanga wafanyakazi wetu kwenye viwanja vidogo vya Kamalondo, na baadaye Kenya na Katuba. Mipaka ile bado inatembea chini ya miguu yetu. Katika mitaa ya wazungu wa zamani nyumba iko mbele na barza yake, nyuma kuna bustani yenye maembe na avoka, na kule mwisho kabisa boyeri, vyumba vya waliokuwa wakifanya kazi. Nyumba yenyewe pengine haifiki robo ya uwanja. Anayenunua leo haangalii vigae vya barza, anaangalia ile robo tatu iliyobaki, kwa sababu pale zinaingia apatima nane, au duka chini na ofisi juu.

Basi ukipewa bei, fanya hesabu mbili palepale. Nitakupa namba za mfano tu, usizichukue kama bei ya soko. Tuseme vila inaulizwa dola 400,000, na uwanja wake ni mita za mraba 2,500. Gawanya: ni dola 160 kwa mita. Sasa uliza parseli tupu kwenye avenyu hiyohiyo inaulizwa ngapi. Kama ni 150 kwa mita, udongo peke yake ni dola 375,000, na nyumba nzima pamoja na barza yake muuzaji ameihesabu dola 25,000. Hapo umeshajua unanunua nini. Hesabu ya pili ni ya kodi: kama nyumba hiyo inapangishwa dola 2,500 kwa mwezi, kwa mwaka ni 30,000, na pesa yako itarudi baada ya miaka 13 na zaidi, kabla hujatengeneza hata bomba moja. Kwa anayenunua ili apangishe bila kujenga, hiyo ni biashara ya subira sana. Na usilinganishe bei ya mita na viwanja vidogo vya Golf Malela au Kalubwe: kiwanja kidogo daima kinaonekana ghali kwa mita, kwa sababu wenye uwezo wa kukilipa ni wengi.

Kodi za upande huu hazipandi kwa mishahara ya Lubumbashi. Zinapanda kwa shaba. Wapangaji wakubwa ni kampuni za migodi na wanaozihudumia, pamoja na mabwana wanaofanya kazi Fungurume au Kolwezi wiki nzima huku familia ziko hapa kwa ajili ya shule na hospitali, nao wanarudi kwa barabara ya Likasi mwisho wa juma. Tangu Katanga igawanywe 2015 na Kolwezi ikawa mji mkuu wa Lualaba, kuna ofisi zilizohamia huko, na kuna familia zilizokataa kuhama. Wote wawili wanagusa bei yako. Kumbuka pia 2008: katikati ya mwaka tani moja ya shaba ilikuwa karibu dola 9,000, kufika Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Viwanda vidogo vya kuyeyusha madini vilifungwa, wageni wakapanda ndege, na vila zilizokuwa zinagombaniwa zikabaki na mlinzi peke yake na majani mpaka magotini. Muuzaji anayekuambia Golf haijawahi kushuka bei alikuwa bado hajaanza kazi mwaka ule.

Sasa karatasi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotelea.

Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973, iliyorekebishwa 1980, udongo ni wa Serikali. Unachonunua ni haki ya kuutumia pamoja na majengo yaliyo juu yake, na haki hiyo inathibitishwa na kitu kimoja tu: cheti cha usajili, ile sertifika. Fiche ya parseli iliyosainiwa na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, si sertifika. Kontra, yaani mkataba, ya kupangisha ya Serikali, ile ya miaka 3 ambayo mtu anapewa ili ajenge kwanza, bado si sertifika. Karatasi ya mauzo kati ya watu wawili na mashahidi wanne, hata ikiwa na mihuri mpaka nyuma, si sertifika.

Ukiletewa, iweke mezani uisome polepole. Juu kuna namba ya volimu na folio, yaani kitabu na ukurasa wa ofisi ya hati. Andika zote mbili kwenye daftari lako, usiridhike na picha ya simu iliyopigwa kwa pembe. Kisha angalia jina: ni la huyu aliyekaa mbele yako, au la baba yake? Angalia tarehe, eneo kwa ari (mita za mraba mia) na sentiari (mita moja ya mraba), na namba ya kadastre, ofisi ya wapima ardhi, ile inayoanza na S.U. Mwisho tazama kroki, mchoro wa uwanja wenye vipimo vya kila upande na namba za majirani. Wengi wanairuka kroki. Mimi ninatembea nayo mpaka kwenye ukuta. Kama kroki inasema upande wa nyuma ni mita 50 na tepu inakupa 42, basi kuna jirani amekula mita nane, au mwenye nyumba ameshauza kipande cha boyeri na amesahau kukuambia. Wauzaji wengi husahau jambo hilo.

Ukimaliza mezani, nenda ofisini kwa konservateri wa hati za eneo hilo, uombe waangalie ile volimu na folio kwenye kitabu chao. Nenda mwenyewe au mtume mwanasheria wako. Usimtume muuzaji, na nisamehe, usinitume hata mimi. Unauliza mambo matatu: cheti hiki kipo kitabuni, kuna hipoteki, yaani rehani, ya benki juu yake, kuna mtu amepinga mahakamani? Omba jibu kwa maandishi. Kadastre nayo iulize kama namba ile haijakatwakatwa.

Tarehe ya cheti ina siri yake. Cheti kikishapita miaka 2, sheria inakilinda sana, na anayelalamika kwa kawaida anabaki kudai fidia. Kabla ya hapo kinaweza kushambuliwa. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa wakati wa Wabelgiji ikija na sertifika ya miezi mitano, usikimbie, lakini uliza cheti cha kabla yake kilikuwa cha nani na kilihamaje. Kinyume chake pia kipo: mzee anakutolea karatasi ya kikoloni, nzuri, ya rangi ya chai, yenye saini ya Mbelgiji. Haki za zamani zilitakiwa kubadilishwa ziwe konsesyo, yaani haki ya kutumia udongo wa Serikali, baada ya sheria ya 1973. Kama haikubadilishwa, unaletewa kumbukumbu.

Historia ya nyumba unaipata kwa majirani kuliko kwa muuzaji. Mitaa hii imepita 1960, wazungu walipokimbia, kisha zairianizasyo mwishoni mwa 1973, mali za wageni zilipochukuliwa na kugawiwa raia, halafu kurudishiwa kwa baadhi yao. Kuna vila ambazo mpaka leo ni za Serikali, au za Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, au za reli, na anayekaa ndani ni mtumishi aliyepewa kwa kazi. Amezaa humo, amezeeka humo, moyoni ni zake. Sertifika inasema kingine. Ninapopita ninasalimia mama wa ng'ambo ya barabara, ninauliza tu: "Mama, hii parseli iko ya nani?" Siku moja nikajibiwa: "Ile? Iko ya kampuni, lakini kila mwaka inauzwa." Mnunuzi wangu alikuwa ameshavaa suti ya kwenda kwa noteri, anayethibitisha mauzo.

Vilevile soma kuta. Ukiona maandishi ya rangi kwamba parseli haiuzwi, hata yakiwa yamepakwa chokaa juu, jua kuna ndugu ndani ya familia hajakubali. Hapo tunaingia mambo ya urithi, na ndiyo kesi nyingi za vila hizi, kwa sababu aliyenunua ameshafariki. Sheria ya familia ya 1987 inawaweka watoto mbele, wa ndani ya ndoa na wa nje waliotambuliwa, na wao wanachukua robo tatu ya urithi. Mjane ana haki zake, pamoja na kukaa nyumbani. Kwa hiyo kaka mkubwa anayekuja peke yake na funguo hatoshi. Dai hukumu inayomtambua msimamizi wa urithi, saini za warithi wote wakubwa, na ya mama. Yule anayeishi Ubelgiji au Kanada atume idhini ya maandishi iliyothibitishwa ubalozini. Na kama mwenye cheti yuko hai na ameoa, mkewe asaini. Ninajua wanaume wanaoona hilo kama dharau. Waambie ni noteri anayetaka.

Risiti nazo zinasema kweli. Omba za kodi ya ardhi na za kodi ya mapato ya upangaji kwa miaka ya nyuma. Jina lililo kwenye risiti ndilo lililokuwa likijulikana kama mwenye nyumba. Kama kuna mpangaji, ona kontra yake na garanti aliyotoa, ile amana ya mwanzo: kwa sheria ya upangaji ya 2015 haizidi kodi ya miezi 3 kwa makazi. Garanti hiyo wewe ndiye utakayedaiwa akitoka, basi ikatwe kwenye bei.

Ikiwa karatasi zimepita, ndipo uangalie nyumba. Njoo Januari au Februari, mvua ikiwa imekolea. Agosti kila vila ni nzuri. Fungua bomba la REGIDESO, kampuni ya maji, saa moja asubuhi, si saa tisa mchana. Kama kuna foraji, kisima kilichochimbwa kwa mashine, uliza iko wapi na foso, shimo la choo, iko wapi, upime umbali kwa hatua zako. Familia moja ilipokuwa peke yake, foso ya zamani ilitosha. Jirani akishajenga apatima kumi na foso kumi kando ya ukuta wako, maji ya foraji yako si yale uliyoonja siku ya kununua, kwa hiyo yapeleke maabara. Kwa umeme uliza kabini, ile transfoma ya SNEL, kampuni ya umeme, ya avenyu ile inalisha nani. Ikiwa nyumba nne zimekuwa majengo ya gorofa na kabini ni ileile, jenereta iingize kwenye hesabu. Paa la sementi la miaka ya 1950 mara nyingi lina asbesto: fundi alimwagie maji kabla ya kulitoa, alitoe shiti nzimanzima, wala asilipige nyundo.

Kwa anayetaka kubomoa: usilete mashine kabla ya ruhusa ya kujenga kutoka urbanizme, ofisi ya mipango miji. Nyumba ikishalala na ruhusa ikakataliwa, umebaki na udongo ulioulipia pamoja na nyumba. Ukitaka kugawa parseli uuze vipande, kila kipande kinahitaji kupimwa na kadastre na kupata cheti chake. Muuzaji wa kipande anayekuahidi kwamba cheti "kitafuata" unamlipa siku kitakapofuata. Binafsi ninawaonea huruma ile miti ya embe, lakini hiyo si kazi yangu. Ninachokushauri ni uache angalau mstari wa miti upande wa jua la jioni. Wapangaji wanalipia kivuli bila kujua.

Kama wewe si Mkongomani, au unanunua kwa jina la kampuni, konsesyo ya kudumu haikuhusu. Utapata ya kawaida, isiyozidi miaka 25, inayoweza kurudiwa. Bei iakisi hilo.

Malipo yapite benki, kwa awamu, na mauzo yafanyike mbele ya noteri. Awamu ya kwanza siku ya kusaini, kubwa iliyobaki siku cheti kinapotoka kwa jina lako. Kamisheni yetu ipatane mwanzoni na iandikwe nani anailipa, mnunuzi au muuzaji, kwa sababu kuna wenzangu wanaolipwa na wote wawili na kila mmoja anadhani ndiye peke yake. Komisioneri hapokei pesa ya nyumba mkononi, hata akiwa shemeji yako. Ile ya vizite, ya kukupeleka kuona nyumba, ni halali, tunapanda teksi.

Bakiza kiasi kidogo, chochote mtakachopatana, mpaka nyumba iwe tupu. Nenda siku hiyo mpaka boyeri, ugonge kila mlango. Mara nyingi kuna mlinzi wa zamani na familia yake ambaye hakuna aliyemwambia kitu, na muuzaji ndiye anayepaswa kumalizana naye kwa kumlipa haki zake, mbele yako, kabla hujampa ile pesa ya mwisho.