Trafiki imeshuka baada ya apdeti ya Google? Soma hii kabla hujagusa kitu

Huwa inaanza na meseji ya WhatsApp asubuhi, chai haijapoa, "kaka websaiti imekufa", ukiifungua unakuta iko hai kabisa inafunguka vizuri tu, kilichokufa ni mstari wa kliki kwenye Search Console, ile zana ya Google inayokuonyesha tovuti yako inavyofanya kwenye matokeo yao. Mimi nipo Dar, kazi yangu ni kusaidia tovuti za watu zionekane Google, wateja wengi ni wa utalii na wachache wa mapishi, na nimeshawahi kuharibu tovuti ya mtu kwa haraka zangu kwa hiyo haya mengine nimeyajua kwa kuumia.

Hatua ya 1: Mikono mfukoni

Usifute posti, usibadilishe themu (muonekano wa tovuti), usimtafute yule jamaa anayeuza bakilinki 500 (linki za tovuti nyingine zinazoelekea kwako) kwa bei ya kuku wawili. Apdeti kubwa, yaani Google wanapobadilisha namna wanavyopanga matokeo, haziingii kwa siku moja, ile ya Machi 2024 ilianza tarehe 5 ikaja kuisha Aprili 19, siku 45, na hapo katikati tovuti zilikuwa zinapanda na kushuka kama bembea. Google wana ukurasa wao unaitwa Search Status Dashboard, unaonyesha apdeti imeanza lini imeisha lini, chukua hizo tarehe mbili uziandike mahali. Wenyewe wanashauri isubiriwe angalau wiki nzima baada ya apdeti kuisha ndo uanze kulinganisha.

Wakati unasubiri pita pale Manual actions kwenye Search Console. Kama kuna ujumbe, basi umepigwa adhabu na mtu aliyekaa akaikagua tovuti yako, hiyo ni kesi nyingine kabisa na ina dawa yake. Kama pako patupu endelea.

Hatua ya 2: Kitu gani hasa kimeshuka?

Hapa ndo penye kazi, hapa kaa sana. Watu wanaangalia kliki tu. Washa vitu vitatu kwa pamoja, kliki, impresheni (mara ngapi umeonekana kwenye matokeo) na wastani wa nafasi (unatokea wa ngapi), halafu usiangalie tovuti nzima, ingia ukurasa mmoja mmoja na neno moja moja.

Dada mmoja wa Tanga ana tovuti ya mapishi, katikati ya Aprili 2024 kanipigia karibu analia, Google wamemmaliza. Nikamwambia dada hebu tulia, fungua hilo neno "jinsi ya kupika kaimati". Nafasi yake kabla ilikuwa ya 2, baada ilikuwa ya 2. Hajasogea hata chembe! Zilizoporomoka ni impresheni, maana yake watu hawatafuti, na sasa jiulize nani anatafuta kaimati wiki baada ya Idi? Mwaka ule Ramadhani yote ilimezwa ndani ya ile apdeti, ilianza kama Machi 12 na Idi ikawa Aprili 10, kwa hiyo kupanda kwake ilikuwa futari na kushuka kwake ilikuwa futari imeisha.

Na ukisema basi nilinganishe na mwaka jana angalia usiteleze, Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, 2023 ilianza mwishoni mwishoni mwa Machi, ukiweka tarehe kwa tarehe utapata vituko. Search Console inatunza data ya miezi 16, chagua tarehe mwenyewe, hesabu kuanzia mwezi ulipoandama mwaka huu na ulipoandama mwaka jana. Tulipofanya hivyo tovuti yake ilikuwa imepanda kidogo. Shida ni kwamba alikuwa ameshamlipa kijana abadilishe themu nzima.

Kwa kifupi basi: impresheni chini nafasi palepale, ni msimu. Nafasi imeshuka, hapo ndo Google wamekusogeza. Nafasi ipo na impresheni zipo ila kliki hazipo, soma hatua ya 4.

(Kuna mtego mmoja. Septemba 2025 Google waliacha kuruhusu matokeo 100 kuonyeshwa kwenye ukurasa mmoja, zile programu za kufuatilia nafasi zilikuwa zinatumia hiyo njia na inaelekea zilikuwa zinahesabiwa kama impresheni, tovuti nyingi zikaona impresheni zimeshuka na wastani wa nafasi umepanda wakati kliki hazijatikisika. Ukilinganisha kuvuka tarehe hizo, amini kliki.)

Hatua ya 3: Umesogezwa kweli? Zisome kurasa zako kama mgeni

Bosi mmoja wa kampuni ya safari Arusha alikuwa na kurasa 36 za njia za kupanda Kilimanjaro: Machame Januari, Machame Februari, hivyo hivyo hadi Desemba, kisha Lemosho, kisha Marangu, aya zile zile limebadilishwa jina la mwezi. Zote zikazama kwa mpigo. Aliyemshauri aziandike 2021 ni mimi.

Google walikuwa na mfumo wao wa kupima maudhui yenye manufaa tangu Agosti 2022, na Machi 2024 wakauingiza ndani ya mfumo mkuu, hakuna tena swichi moja ya kuwasha na kuzima. Tulichofanya: kurasa 36 zikawa 3, za zamani zote zikaelekezwa kwenye mpya kwa ridairekti ya 301 (anayefungua ya zamani anapelekwa mpya moja kwa moja), miezi ikawa jedwali moja. Halafu nikamwomba bosi awaambie waongoza watalii wake wanitumie voisi noti, wageni wanasahau nini, wanalalamika nini, kwa nini Marangu unalala kwenye vibanda na njia nyingine unalala hemani. Hayo ndo yakawa maandishi. Zilirudi baadhi, taratibu, miezi. Nyingine hazijarudi mpaka leo.

Hatua ya 4: Kliki zimeliwa juu

Google walianza kuweka majibu ya AI juu ya matokeo Marekani Mei 2024, mtu anasoma jibu hapo hapo bila kukufungua, na wageni wengi wa yule bosi wa Arusha wanatoka huko. Chuja kwa nchi, utaona. Swali la jibu fupi, kama mvua zinaanza lini, hilo lisahau tu, nguvu peleka kwenye kurasa ambazo mtu anataka kuamua: bei, kilichomo kwenye bei, nani atampandisha mlima.

Hatua ya 5: Ongea na mteja kabla hajaongea na mwingine

Mtumie skrinishoti tatu na maelezo ya mistari mitano, usimtumie PDF ya kurasa 40. Usiahidi nafasi ya kwanza, hata kwa mdomo. Mimi siku hizi ripoti yangu inaanza na maulizo mangapi yameingia kwa email na WhatsApp, kliki zinafuata chini.

Hatua ya 6: Daftari

Shiti moja, safu tatu: tarehe, nini kimeguswa, kwa nini. Ya dada wa Tanga mstari wa kwanza unasomeka: Aprili 2024, themu imebadilishwa, sababu Ramadhani imeisha.