Kutafuta mayai ya mnyoo wa ini kwenye choo (kinyesi): niliponasa mimi, usinase wewe

Juzi nilikaa na mwenzangu wa maabara tukisoma sampuli za mtu aliyeishi kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako wapo wanaokula samaki wa maji baridi wakiwa wabichi. Tulikuwa tunamsaka Opisthorchis viverrini, mnyoo wa ini anayepatikana kwa samaki hao. Mwenzake, Clonorchis sinensis wa China, Korea na Vietnam, husakwa vivyo hivyo.

1. Sampuli. Chukua za siku tatu. Moja haitoshi, minyoo ikiwa michache, mayai nayo huwa haba.

2. Kuandaa. Kato-Katz ni njia ya kupaka kipimo maalumu cha choo kwenye kioo na kuhesabu mayai kwa darubini: kiolezo hubeba miligramu 41.7 za choo, zidisha hesabu mara 24 upate mayai kwa gramu. Choo cha majimaji hakifai hapo. Mimi napenda zaidi fomalini na etha, kisha mashine ya kuzungusha: takataka hupungua na umbo la yai hubaki safi.

3. Kusoma. Hapa ndipo nilipoteza mchana mzima. Yai hili ni dogo mno, takribani mikromita (sehemu za elfu za milimita) 27 kwa 15. Kwa lenzi ya 10 ni kidoa tu, utalipita ukidhani ni chavua. Panda lenzi ya 40. Kisha pima kwa kijirula cha kwenye lenzi ya jicho, lakini kwanza kisawazishe, yaani ujue mstari wake mmoja ni mikromita ngapi, kwa darubini hiyo hiyo na lenzi hiyo hiyo! Mimi nilitumia hesabu ya darubini nyingine, mayai yakatoka makubwa, nikaanza kusaka mnyoo ambaye hayupo. Kwenye yangu mstari mmoja ni mikromita 2.5, kwa hiyo yai ni kama mistari 11.

Zungusha fokasi taratibu: utaona kifuniko kilichokaa juu ya mabega (ukingo wa ganda uliotokeza), kinundu upande wa pili, na lava (mtoto wa mnyoo) ndani. Sasa balaa: Haplorchis, mnyoo mdogo wa utumbo, naye hupatikana kwa samaki hao hao na mayai yake yanafanana sana na haya. Mabega yake hayajitokezi hivyo, ila kwenye Kato-Katz siwezi kuapa. Nikiwa na shaka naandika "mayai yanayofanana na ya Opisthorchis" na kuomba PCR, kipimo cha vinasaba.

Usipoona kitu, usikimbilie kuandika "hakuna". Mnyoo huchukua kama wiki nne kukomaa na kutaga, na mrija wa nyongo ukiziba mayai hayafiki kwenye choo.

4. Majibu. Mpe daktari siku hiyo hiyo. Dawa ni prazikwanteli.