King'amuzi cha antena Mtwara na Lindi: ya kuangalia kabla hujatoa hela

Hela ya korosho ikishaingia, watu wa Newala, Tandahimba na Nanyamba hushuka Masasi au Mtwara mjini kununua vitu vya nyumbani, na king'amuzi huwa hakikosi. Kasheshe huanza nyumbani: boksi jipya, antena imefungwa juu ya mlingoti, na kioo kinasema hakuna mawimbi. Mara nyingi kifaa si kibovu. Mnunuzi hakuuliza kama mawimbi yenyewe yanafika kwake.

Enzi za analojia mtu aliweza kuliruka swali hilo. Ukiwa mbali na mnara ulipata picha ya chenga na sauti ya kukwaruza, lakini mpira uliutazama. Dijitali haina chenga. Mawimbi yanapopungua, picha hubaki safi tu, hadi yafike kiwango fulani. Hapo inaanza kuganda na kukatika vipande vipande, kisha inapotea kabisa. Ndiyo maana aliyezoea kuvumilia chenga zake anaweza kukosa kila kitu, huku jirani aliyejenga juu kidogo anaona vizuri. Na huku kwetu kujenga juu au chini ni jambo kubwa. Newala mjini ipo ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukiteremkia bonde la Ruvuma, uwanda wenyewe unakukinga na mnara ulio upande wa pili. Mikindani imezungukwa na miinuko, na Lindi mjini ina vilima mgongoni. Mawimbi ya UHF, ambayo ndiyo yanayotumika, hayapendi kuzunguka kilima.

Kwa hiyo kabla ya duka, nenda kwa jirani mwenye king'amuzi cha antena cha kampuni unayoitaka. Mwombe afungue sehemu ya kupima mawimbi. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Macho yako yawe kwenye ubora, kwa sababu nguvu inaweza kuwa juu na picha ikagoma. Rudi tena siku ya upepo au mvua, hasa kama kati yenu na mnara kuna minazi au miembe mikubwa; majani yaliyolowa hupunguza mawimbi. Kama hakuna jirani wa kumuuliza, patana na muuzaji mwandikiane kwamba kisiposhika unakirudisha. Akikataa, tafuta duka jingine. Na ikionekana hapashiki, achana na antena, nunua cha dishi. Dishi linatazama satelaiti angani, halihitaji mnara wa mkoani.

Hapo ndipo wengi wanapotelezea. Kampuni moja inaweza kuuza king'amuzi cha antena na cha dishi, StarTimes kwa mfano, na maboksi yanafanana. Cha antena kwa hapa kwetu kiandikwe DVB-T2. Cha dishi huandikwa DVB-S2. Usikubali maneno ya mdomo, soma maandishi ya nyuma ya boksi. Uliza pia ukimaliza kifurushi chaneli zipi zinabaki wazi, kama TBC1, na uoneshwe hapo dukani kwa king'amuzi ambacho hakijalipiwa.

Televisheni yenyewe huenda huna haja ya kuibadilisha. Ya chogo inafanya kazi ikiwa ina matundu ya waya za rangi tatu, njano, nyeupe na nyekundu, mradi king'amuzi nacho kina matundu hayo. Vipo ving'amuzi vyenye tundu la HDMI peke yake, tundu la televisheni za flati. Flati mpya nyingi zina DVB-T2 ndani, na hizo hushika chaneli zisizofungwa bila boksi lolote. Angalizo langu kubwa ni kwa mitumba. Televisheni ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, wetu ni 230, na mfumo wao wa dijitali si wetu. Ukiichomeka bila transfoma, umeiunguza. Ya Marekani ina balaa kama hilo.

Wa sola waangalie adapta: ving'amuzi vingi hutumia volti 12, kwa hiyo vinaweza kuchukua umeme wa betri bila inveta. Anayekula umeme ni ile chogo, si boksi.

Antena ya ndani chini ya bati usiihangaikie. Bati linazuia mawimbi. Nunua ya nje ya UHF, yenye vijiti vifupi. Ile ya zamani yenye vijiti virefu kama fito ilikuwa ya VHF, iache kuku walalie. Waya uwe wa ohomu 75, kipande kimoja kutoka juu hadi kwenye boksi, bila kuungaunga kwa selotepu. Kwa wanaokaa karibu na bahari, Msimbati, Kilwa au Kitunda, chumvi hula viungio haraka. Vifungwe kwa tepu ya mpira hadi maji yasipenye. Busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, nayo husaidia waya mrefu tu. Pasipo mawimbi, inakuza makelele.

Masika radi zikianza, chomoa waya wa antena na wa umeme, vyote viwili. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Fundi naye asishuke kutoka juu kabla mtu wa ndani hajamsomea ubora kwa sauti, huku fundi akigeuza antena kidogo kidogo. Kila anapogeuza asubiri kidogo, maana boksi huchelewa kuonesha badiliko, na fundi mwenye haraka hupita pale pazuri bila kujua. Ikishakazwa, tafuteni chaneli upya toka mwanzo, mtazame mfululizo hadi taarifa ya habari iishe. Picha isipoganda, mlipe hela yake.