Kabla Hujampa Mtoto wa Mbwa Yogati

Anza na umri. Mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza wiki tatu ni wa maziwa ya mama tu. Mama akifa au akikataa kunyonyesha, usikimbilie yogati, kwa sababu maziwa ya ng'ombe, hata yakigandishwa, yana mafuta na protini kidogo kuliko ya mbwa. Daktari wa mifugo atakuelekeza kwenye maziwa ya unga ya vibwa. Mimi nashauri usubiri mpaka aache kunyonya na azoee chakula chake, wiki ya nane hivi.

Minyoo na chanjo vitangulie. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi ya nane. Chanjo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa mpaka afike wiki ya 16. Nalisisitiza hili kwa kuwa wapo wanaompa mala (maziwa lala) mtoto anayehara, wakitumaini itamtuliza tumbo. Akitapika na kuhara damu yenye harufu kali, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi. Yogati haitibu parvo, na kungoja hadi kesho kunaweza kumuua. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Dukani, chukua isiyo na ladha wala sukari. Vile vikombe vya stroberi na vanila waachie watoto wa nyumbani. Geuza kikombe usome maandishi madogo: ukiona xylitol au E967, kirudishe rafuni. Hiyo ni sukari mbadala ambayo humshusha mbwa sukari ya damu ghafla na huweza kuliharibu ini lake. Chokoleti, zabibu kavu na makadamia pia ni sumu kwake.

Kwa joto la Kisumu, na stima inavyopotea, shika kikombe kabla ya kulipa. Kama kina vuguvugu au kifuniko kimevimba, kiache. Mala ya nyumbani au mursik (maziwa lala ya Wakalenjin), uliza kama maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, bakteria wa ugonjwa ambao humpata mbwa na binadamu pia.

Siku ya kwanza nusu kijiko cha chai kinatosha, juu ya chakula chake, isiwe baridi ya friji. Mpe asubuhi ili uwe na mchana mzima wa kumtazama. Tumbo likijaa gesi au kinyesi kikilegea, acha. Yogati ina laktosi kidogo kuliko maziwa, lakini haikuisha yote, na wengine hawaiwezi. Asipodhurika, kijiko kimoja cha chai mara mbili kwa wiki kinamfaa. Kama anashindia ugali mtupu, yogati haitamjenga. Mwongezee omena au nyama kwanza.

Namba ya daktari wa mifugo iwe kwenye simu kabla hujafungua kikombe. Akila chenye xylitol, dalili zaweza kuanza ndani ya nusu saa: kulegea, kuyumba, kutetemeka, hata degedege. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Piga simu, mbebe, na uende na kikombe chenyewe ili daktari asome lebo.