Bonsai ya Msprusi: Kupogoa na Kutunza Majira ya Kuchipua

Bonsai ni mti unaokuzwa chunguni na kupogolewa ili ubaki mdogo. Msprusi (spruce), mti wa jamii ya misonobari, hauchipui tena kwenye tawi kuukuu lisilo na sindano, yaani majani yake membamba, na sehemu kubwa ya utunzaji wake inatokana na jambo hilo. Ukilikata tawi hadi sehemu isiyo na sindano, tawi hilo linakufa. Ndiyo maana majira ya kuchipua mkasi hukaa kando na kazi hufanywa na vidole: tunakonyoa machipukizi mapya yakiwa bado laini.

Hatua ya 1: Amua kama mti uko tayari

Usikonyoe mti uliohamishwa chungu msimu huu, wala mti dhaifu wenye sindano zilizopauka. Machipukizi mapya ndiyo yatakayoutengenezea chakula na kuurudishia mizizi. Mti mchanga ambao bado unataka shina lake linenepe, nao uache ukue.

Kama ni zamu ya kuuhamisha, fanya hivyo matumba yanapovimba, kabla hayajafunguka. Mti uliokomaa hukaa miaka 3 hadi 5 kabla ya kuhamishwa tena. Punguza mizizi isizidi theluthi moja na usiioshe ikabaki mitupu. Utando mweupe unaouona kati ya mizizi ni kuvu rafiki wanaoisaidia kufyonza maji na madini, kwa hiyo rudisha kiasi cha udongo huo wa zamani chunguni. Kisha ukinge mti dhidi ya upepo na jua kali kwa wiki chache.

Hatua ya 2: Subiri magamba yaanguke

Tumba la msprusi hufunikwa na magamba membamba ya kahawia. Likivimba, magamba hayo hupasuka na kijani kikaanza kuonekana. Usiliguse bado. Ukivuta wakati huu utang'oa chipukizi lote, na penye chipukizi hapo patabaki pengo. Wakati mzuri ni pale linapofika sentimita 2 au 3, sindano zake zimeanza tu kuachana na kijiti chake bado kinakatika kwa vidole. Kikishakuwa kigumu, umechelewa.

Hatua ya 3: Konyoa

Shika shina la chipukizi kwa vidole vya mkono mmoja, kisha kwa mkono wa pili vuta ncha huku ukiizungusha kidogo. Itakatika yenyewe mahali palipo laini. Mkasi hukata sindano katikati, na kila sindano iliyokatwa hukauka ncha ikawa ya kahawia, doa linalobaki muda mrefu.

Kiasi cha kuondoa hutegemea mahali. Msprusi hupeleka nguvu nyingi kileleni na kwenye ncha za matawi, kwa hiyo huko ondoa nusu hadi theluthi mbili ya chipukizi. Matawi ya kati, theluthi moja yatosha. Ya chini na ya ndani, yale membamba yanayopata mwanga kidogo, usiyaguse kabisa: hayo ndiyo unayoyatafutia nguvu. Popote unapokonyoa, bakiza sindano mpya kadhaa, kwa kuwa matumba ya mwaka ujao hujitokeza kati yake.

Mara nyingi ncha ya tawi hutoa machipukizi matatu, la kati likiwa na nguvu kuliko wenzake. Ukitaka tawi ligawanyike vizuri, liondoe lote hilo la kati, ubakize mawili ya kando.

Usimalize mti mzima siku moja. Matumba hayafunguki kwa pamoja, hivyo upitie kila baada ya siku chache kwa muda wa wiki mbili au tatu. Kazi hii inataka subira, na mimi naipenda kuliko zote za mwaka, maana unalijua kila tawi lilivyo.

Hatua ya 4: Matawi mazito yaache

Sasa utomvu unatembea kwa nguvu na jeraha kubwa litavuja. Ukataji mzito ungoje majira ya vuli. Vijiti vilivyokufa ndani waweza kuviondoa. Waya za mwaka jana, zilizozungushiwa matawi ili kuyapa umbo, zikague kila wiki; ikianza kuzama kwenye gome, ikate vipandevipande badala ya kuizungusha kuitoa.

Hatua ya 5: Maji, mbolea na wadudu

Mwagilia udongo wa juu unapoanza kukauka, mpaka maji yatoke chini. Udongo uwe wa chembechembe unaopitisha maji haraka. Mizizi ya msprusi huoza ikikaa kwenye tope. Kwa mti uliokwisha kupata umbo, mbolea isubiri machipukizi yakomae, la sivyo yatarefuka kupita kiasi.

Mti ukae nje mwaka mzima. Usiku wa jalidi, machipukizi mapya huungua, basi usogeze chini ya paa, lakini usiuingize nyumbani.

Sindano zikipauka, gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vinukta vinavyotembea ni utitiri. Nyunyizia maji kwa nguvu chini ya sindano, na urudie. Ukiona uvimbe wa kijani kama nanasi dogo kwenye shina la chipukizi, ndani yake mna wadudu. Ukate na kuuchoma ukiwa bado kijani, kabla haujakauka na kufunguka wakatoka.