Kufundisha sehemu kwa kanda za karatasi, kwa watoto wa miaka 9 hadi 12

Mwanafunzi anayeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 anajua kujumlisha: 1 na 1 ni 2, na 2 na 3 ni 5. Tatizo ni kwamba kwake 1/2 ni namba mbili zilizopandana, wala si namba moja yenye ukubwa wake. Ukimkaririsha kanuni ya asili (namba ya chini) ya pamoja atapata vema leo, na wiki ijayo utamkuta palepale. Kanuni isubiri.

Karatasi moja ya A4 inamtosha mwanafunzi mmoja. Punguza urefu wake ubaki sentimita 24, kisha kata kanda zenye upana wa sentimita 3, zitatoka saba. Kata mwenyewe kabla ya kipindi, maana mkasi mmoja darasani humaliza nusu saa. Urefu ni 24 kwa sababu unagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila baki. Ukanda mmoja unabaki mzima. Nusu, robo na sehemu za nane zipatikane kwa kukunja. Theluthi usiikunje kwa macho, hutoka kombo: pima kwa rula kila sentimita 8, sehemu za sita kila 4, za kumi na mbili kila 2. Kila sehemu iandikwe jina lake.

Anza kwa kulinganisha. Uliza: ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Kila mmoja aandike jibu kabla ya kugusa kanda. Wengi watachagua 1/4 kwa kuwa 4 inaizidi 3, na ukanda utawasuta bila wewe kusema neno. Endelea na 2/3 na 3/4, kisha 3/8 na 1/2. Kuna mtego hapa: baadhi wataamini kwamba nusu ni sentimita 12. Wape ukanda wa sentimita 18 wautafutie nusu, na wataje kila mara ni nusu ya kitu gani.

Baada ya hapo wachore mstari wa namba wa sentimita 24 kutoka 0 hadi 1, waugawe sehemu nne sawa. Kosa la kawaida ni kuhesabu alama kuanzia ile ya 0, hivyo 3/4 inaangukia kwenye nusu. Wachore mishale ya kuruka. Kinachohesabiwa ni miruko. Refusha mstari ubaoni hadi 2 ili 5/4 ipate mahali pa kukaa, la sivyo watakwambia haiwezekani.

Sasa rudi kwenye 1/2 + 1/3. Kwanza wakadirie: jibu litazidi nusu au litapungua? Kisha hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumchagua wa kujibu. Wanaofikiri polepole ndio watakaonufaika. Aliyepata 2/5 aone kwamba jibu lake halifiki nusu, ingawa ameanza na nusu na kuongeza. Wakunje kanda ibaki inaonekana 1/2 na 1/3 tu, waziweke ncha kwa ncha, kisha watafute ukanda wenye sehemu chache zaidi ambao mistari yake inaangukia kamili kwenye mwisho wa kila moja. Ni ule wa sehemu za sita: 5/6. Fanya hivyo kwa 1/4 + 1/3, 3/8 + 1/4 na 1/4 + 1/6. Mbili za mwisho ni muhimu sana, kwani zinaonyesha kwamba si lazima kuzidisha asili kwa asili: 8 na 12 zinatosha, 32 na 24 hazihitajiki. Hapo ndipo kanuni iandikwe ubaoni, kwa maneno yao.

Asiyejua majedwali ya kuzidisha mpe jedwali mezani. Akikwama kwenye 3 × 4 hutajua kama sehemu zimemshinda.

Dakika 5 za mwisho zitoshe maswali matatu kwenye kikaratasi: kulinganisha moja, mstari mmoja, kujumlisha moja. Panga vikaratasi kwa aina ya kosa, si kwa alama. Kesho yake waliohesabu alama za mstari badala ya miruko warudi kwenye mstari kwa dakika 10, huku wengine wakijaribu 3/4 − 1/3 kwa kanda zao.